Bibi Harusi wa Juu ya Keki

Baba yangu alikuwa bingwa wa kuahirisha harusi yake mwenyewe. Mara kahawa ya Kyarumba haijakauka, mara mvua, mara suti inambana tumbo. Mama alikuja kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akiwa msichana, wakaishi pamoja, wakatuzaa sote, na kanisani hawakuwahi kufunga ndoa. Kwetu Wakatoliki, anayeishi hivyo hapokei komunyo. Basi kila Jumapili watu wakipanga mstari, Mama alibaki kwenye benchi akisogeza magoti ili wenzake wapite. Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini lilimuuma, na mimi lilinikera vibaya sana.

Mwaka jana tarehe ikatangazwa kanisani Bwera, hatimaye. Wiki yenyewe ya harusi, mwanamke anayetuokea keki akaleta visanamu viwili vya plastiki, bwana na bibi harusi, vya kusimamisha juu yake. Baba akavigeuzageuza: wazungu watupu, bwana harusi ana nywele za manjano. Akasema hawezi kumwachia kijana huyo mke wake, bora tungoje mpaka wapatikane wanaofanana na sisi. Alikuwa anacheka, lakini mimi namjua. Harusi zake zote zilikuwa zinaanza kufa hivyohivyo, kwa mzaha.

Nikamwambia asithubutu. Mimi huandika majina kwenye vikombe pale Kasese mjini kwa kalamu za rangi, zile zenye gololi ndani inayogonga ukizitikisa. Nikaja nazo nyumbani Bwera, nikajitia ufundi, na rangi ikateleza yote kwenye ile plastiki kama maji kwenye jani la mgomba. Ikabidi niwaogeshe maharusi kwa sabuni ya vyombo, niwaanike, nianze upya: safu nyembamba, ngoja ikauke, nyingine. Baba kila akipita anachungulia. Akataka tai nyekundu. Akataka nywele nyingi, yeye ambaye ana upara tangu sijaanza shule. Tai nilimpa. Kichwa nikakipaka kahawia mpaka utosini.

Ijumaa zilibaki nyusi za bibi harusi tu. Kalamu nyeusi ilikuwa imegoma kutoa rangi, na mimi kwa haraka nikaibonyeza ncha palepale usoni pake, badala ya kuibonyeza kwenye karatasi kwanza. Ikatema. Doa jeusi likashuka kutoka kidevuni mpaka pindo la gauni jeupe. Uso niliuwahi kwa kitambaa, lakini kwenye gauni nikapaka nyeupe juu ya doa bichi, likawa la kijivu, kama la mtu aliyetoka kuzoa majivu. Nje nikasikia Baba anaegesha pikipiki.

Mama akatoka jikoni, akamtazama bibi harusi wangu, akaketi chini kucheka, akasema kwa Kiswahili cha kwao Butembo:

“Mutoto wangu, miye nilisha zaa batoto bote hawa, gauni nyeupe iko ya nini? Leta hiyo nyekundu.”

Akadondosha matone mekundu, mimi nikafuata na majani ya kahawia, na lile doa likapotelea katikati ya maua. Gauni likawa kitenge. Baba akaingia, akainama kuwaangalia maharusi, nami nilikuwa nimeshaandaa maneno makali. Hakutaja kungoja. Alivuta kiti, akataka koti lake nalo lipakwe maua yaleyale, maana mtu na mke wake hawavai tofauti siku kama hiyo. Nilifurahi mpaka nikasahau kufunika kalamu.

Jumamosi kanisa lilijaa. Wakafunga ndoa, pete zikavishwa, misa ikaendelea. Padri aliposhika komunyo, kabla hajapiga hatua kuwaelekea, Mama akainuka kwenye kiti chake akaanza kwenda. Msimamizi wake akamshika mkono, akamnong'oneza kwamba amngoje bwana harusi.

Mama hakunong'ona. Tulimsikia mpaka benchi la mwisho.

“Nilisha mungoja.”