Chumba cha Katikati ya Uwanja

Bi Kokoto alilipata jina hilo kwa kuponda mawe kando ya barabara, siku hizo hana hata mlango wa kufunga. Aliyempa ni Fundi, mwashi aliyekuja kununua kokoto, akabishana naye bei tangu asubuhi hadi jua la utosini, mwisho akaona afadhali amwoe ashindwe nyumbani kuliko kushindwa barabarani mbele za watu. Ndivyo Fundi alivyopenda kusimulia. Bi Kokoto hakuwahi kukanusha. Hadithi inayoleta wateja ya nini kuikanusha?

Waliinuka kwa mchezo wa watu wawili. Popote palipotajwa bei, Bi Kokoto alikaza. Akifika ukingoni husimama, hutupia mkoba begani na kusema, "Twende zetu, huyu hataki biashara." Hapo Fundi, kwa sauti ya mume anayeonea haya ukali wa mkewe, husema: "Subiri kwanza, mke wangu, tumsikilize." Muuzaji humshukuru Fundi, hushusha bei. Mbao, mabati, hata kiwanja chenyewe, vyote vilipatikana kwa mkoba ule.

Kiwanjani wakajenga nyumba sita kuzunguka uwanja mmoja. Kanuni za mipango miji zilitaka hivyo: kila mlango wa mbele utazame uwanja, na uwanja uwe wazi, wa wapangaji wote. Katikati walijiwekea chumba cha muda cha kuishi wakati wa ujenzi. Mvua zilikuwa karibu, kwa hiyo Fundi alisimamisha nguzo, akaezeka, kuta akazijaza baadaye kwa matofali yaliyovunjika. Kingebomolewa kazi ikiisha. Kazi ilipofika kwenye rangi, Fundi akaugulia humo, akafia humo.

Tangu hapo Bi Kokoto alikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, lakini si wako. Alikula, aliwafokea mafundi, alikagua vitasa. Nyumba mpya zilinukia rangi bila mtu ndani, naye akaendelea kulala mle chumbani, upande wake wa kitanda, bila kujua kwa nini. Wapangaji wakachoka kungoja, wakaanza kutafuta kwingine. Bila cheti cha ofisi ya mipango miji hakuna kuhamia, na cheti hakitoki uwanjani kukiwa na chumba.

Akaenda ofisini na wifi yake, dada wa Fundi, akamkalisha kwenye kiti ambacho Fundi angekalia.

"Mwanangu," alimwambia afisa, kijana mpole mwenye shati lililonyooshwa kwa pasi, "wewe unataka uwanja, mimi nakupa uwanja. Pima ule ukanda wa nyuma ya vyoo, ongeza wa kando ya ukuta. Vipande hivyo vinazidi hicho chumba. Utabaki na chenji."

"Mama, nyuma ya vyoo nani ataketi? Vipande vilivyosalia havihesabiwi. Uwanja lazima uonekane kutoka kila mlango."

"Basi hesabu nusu."

"Hata robo, mama."

Bi Kokoto akasimama. Akatupia mkoba begani. "Twende zetu, huyu hataki biashara."

Akabaki hapo, mkono kwenye kitasa.

Afisa alimtazama. Wifi, aliyesikia twende, akavaa viatu alivyokuwa amevivua chini ya meza, akaja kumfungulia mlango.

Kwenye ngazi wifi akauliza, "Sasa mbona tumeondoka? Ulikuwa bado unammudu."

"Nilikuwa nangoja kuzuiwa."

"Na nani?"

Bi Kokoto alishusha mkoba begani. Wifi akaelewa, midomo ikaanza kumcheza.

"Usinililie kwenye ngazi za watu. Watadhani tumenyimwa."

"Kwani hatujanyimwa?"

"Bado."

"Ungeniambia, wifi, ningekuzuia mimi."

"Wewe? Ungenizuia hata sijakaa."

Wakarudi ndani. Na kweli, Bi Kokoto alikuwa ndio kwanza anavuta kiti, wifi akapaza sauti kama ananadi mitumba: "Subiri kwanza, wifi, tumsikilize!" Hakukuwa na cha kusikiliza; afisa alikuwa hajafungua mdomo. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Mama, nikwambie ukweli. Chumba siwezi. Chumba kina mlango, kina mwenyewe. Kinachoruhusiwa uwanjani ni kivuli kisicho na kuta, cha watu wote."

Bi Kokoto aliijua sauti ya mtu aliyefika bei yake ya mwisho. "Kivuli chenye paa la zamani?"

"Likiwa imara, sina neno."

"Aliliezeka kaka yangu," wifi alisema.

"Ni imara," Bi Kokoto alisema.

Kuta zilianguka asubuhi moja. Kitanda kikahamia nyumba ya kona. Paa likabaki juu ya nguzo zake. Afisa akaja, akasimama kwenye kila mlango, akatazama, akatia saini. Wapangaji wakahamia. Mmoja aliwahi kufunga kamba ya nguo kwenye nguzo. Bi Kokoto aliikata papo hapo.

Jioni alikaa sakafuni chini ya paa, pale pale palipokuwa upande wake wa kitanda. Alijikagua kama anavyokagua plasta, hakuona ufa. Hakusikia kitu.

Mpangaji mmoja akaja, mtoto mgongoni. "Sogea kidogo, mama, nami nipate kivuli."

Kwa maisha yake yote, anayemwomba nafasi kwanza huambiwa haipo. Bi Kokoto alifungua mdomo, akaufunga. Akasogea upande wa Fundi. Saruji ilikuwa baridi vilevile.