Aliyeinama kwa Kamba ya Mwenzake

Majira kumi na tisa ya baridi Kinue Maruyama alifanya kazi moja tu katika duka la kukodisha vifaa la Bwana Todoroki, chini ya mlima: kufunga kamba za usalama kwenye mbao za kutelezea theluji. Ncha moja kwenye kibano cha buti, nyingine mguuni mwa mtelezaji, ili ubao ukichomoka usishuke peke yake ukavunja watu. Alikuwa mjane, akilala chumba cha juu ya duka. Kazi ikienda, na chumba kimekwenda.

Kinue alikuwa akifunga kamba chini, penye skrubu za kibano, kisha akiivuta mara tatu. Tatsuro, mpwa wa tajiri, alikuwa akifunga kwenye mkanda wa juu wa kibano, maana ni rahisi.

“Foleni imefika mlangoni, bibi! Hiyo kamba unaifunga au unaiposa?”

Duka zima likacheka.

“Mkanda hukatika, mwanangu. Funga chini.”

“Haya, Mama Kamba!”

Jumamosi moja ya Februari mkanda ukakatika kweli. Ubao ukaporomoka peke yake, ukamvunja mguu mwalimu Ishigami aliyesimama akifuta miwani. Uliporudishwa dukani, wafanyakazi wote waliiona kamba kwenye kipande cha mkanda wakajua ni mkono wa nani. Ghafla kila mmoja akapata shughuli. Waoga wakubwa wale!

Todoroki akamwita Kinue pembeni.

“Bi Kinue, lazima mtu akainame aombe radhi. Tatsuro anaoa mwezi wa nne, tutamharibia. Sema ni wewe. Yataisha, na kazi yako ipo palepale.”

“Kweli, tajiri?”

“Nimewahi kukudanganya?”

Hakuwahi, na ndiyo maana Kinue alikubali.

Hospitalini, mbele ya wodi nzima, alipiga magoti, paji la uso likagusa sakafu.

“Ni mimi niliyefunga, mwalimu. Nisamehe.”

Mwalimu alivaa miwani amwone vizuri.

“Kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu, nendeni pale, kuna mama akifunga yeye hamna wasiwasi. Kumbe!”

Neno hilo lilimchoma Kinue kuliko kicheko cha duka zima.

Aliporudi, Todoroki alikuwa akimngoja mlangoni.

“Bi Kinue, umekiri mbele ya watu. Nikikuacha uendelee kufunga, nani atakodi kwangu?”

“Lakini tajiri, si uliniambia...”

“Nilikwambia uiname. Umeinama vizuri, nashukuru.”

Ama kweli shukrani ya punda ni mateke. Kinue alikasirika, ila miaka kumi na tisa ya ‘ndiyo tajiri’ haikumfundisha kupiga kelele.

“Basi chumba tu, mpaka theluji iyeyuke.”

“Tatsuro anakitaka kwa ajili ya mchumba wake. Wanakuja kupima mapazia saa tisa.”

Ilikuwa saa nane na nusu. Akapanda ngazi kukusanya nguo zake.