Meza Iliyomfuata Padre

Hili nalisimulia nimeinamisha kichwa, wenzangu, maana mpaka leo nikimwona mwanajumuiya sokoni najifanya nachagua nyanya.

Jumuiya yetu hapa Chemchem ilikuwa inasubiri misa nyumbani kwangu, na meza yangu ya mninga ilikuwa na ufa, basi nikanunua ile gundi ya epoksi ya makopo mawili, moja gundi yenyewe, la pili dawa ya kuigandisha, unachanganya unamwaga juu, meza inang'aa kama kioo. Muuzaji akaniambia, "Mama, nusu kwa nusu, lakini kwa uzito, usikadirie kwa macho. Dawa ikizidi haikauki."

Mume wangu akasema niazime mzani kwa jirani anayeuza asali. Nikakataa (mimi niliyesoma fizikia masomo ya jioni na mtoto mgongoni, niazime mzani?). Nikatoboa rula ya mbao katikati, nikaining'iniza uani kwenye kamba ya nguo, huku kikombe cha bati, kule cha plastiki. Cha plastiki kikawa chepesi, nikakibandika donge la nta ya nyuki chini mpaka rula ikalala sawa. Nikamwita mume wangu aone. Akaangalia, akasema, "Haya, mwalimu."

Nikamimina gundi kwenye bati, mara kengele ya saa sita ikalia, nikaingia ndani kusali Malaika wa Bwana. Na jua la Tabora la mwezi wa kumi mnalijua. Nta ikalainika, ikadondoka, kuku wakaidonoa, na mimi niliporudi nikawafukuza bila kujiuliza wanadonoa nini, nikamimina dawa kwenye plastiki mpaka rula ikalala sawa, nikachanganya, nikamwaga mezani. Yaani pengo lote la nta nimelijazia dawa.

Kesho yake, siku ya misa, nikagusa meza, kidole kikanasa. Nikasema ni joto tu. Watu walishafika, na Bibi Modesta, mkubwa wetu wa jumuiya, alishanikabidhi kitambaa cha altare alichokidarizi maua mwenyewe kabla macho yake hayajaingia ukungu. "Kitandike vizuri mwanangu," alisema, "kingine sitaweza."

Nikatandika.

Misa ikaenda vizuri mpaka Padre alipoegemeza mikono mezani, gundi ikiwa imeshapenya kitambaa. Alipotutakia amani akafungua mikono, na meza ikasogea naye, mume wangu akaruka kuishika ili kikombe cha divai kisimwagike, mama mmoja wa kwaya akachekea puani. Padre akaninong'oneza, "Mama Neema, meza yako inanifuata."

Padre tulimnasua. Kitambaa kiligoma. Tulivuta, tukatia mafuta ya taa, mwisho mume wangu akakata kwa wembe kuzunguka pale kilipoganda, na maua yote yakabaki mezani.

"Mbona kimya?" Bibi akauliza. "Kimechanika?"

Nikapiga magoti nikamweleza. Akanyoosha mkono, akapapasa ua moja moja, vidole vikinasanasa, kisha akasema, "Yapo yote." Afadhali angenigombeza.

Nimeapa mbele ya Mungu, sipimi tena kitu bila mzani wa jirani, akinicheka anicheke. Ila kiapo hakimrudishii Bibi kitambaa chake. Ile meza nimeshindwa kuisugua na nimeshindwa kuiuza, kwa sababu siku za sala Bibi hukaa upande ule ule, anaweka kiganja juu ya maua yake, na mimi nasali macho chini.