Kichwa cha Sungura ni cha Mjomba

Enzi za Mjerumani nilikuwa natega nyavu katika mbuga za Mkata, na nilikuwa nimekufa nimeoza kwa binti mmoja wa Uluguru. Yeye alikubali. Aliyekataa ni mjomba wake, na kwao mjomba akikataa, umekataliwa na ukoo mzima pamoja na mbuzi wao.

Mjomba huyo naye alikuwa mwindaji. Katika ukoo wao, kila mnyama akinaswa, kichwa ni cha mjomba, hata kiwe cha sungura, ambacho nyama yake haijazi jino. Wala hakigawi, ila kwa mtu wa nyumbani. Kwa hiyo iliposikika kwamba daktari mmoja wa Kijerumani pale Morogoro anataka vichwa vya sungura, vya mbugani na vya mlimani, nilijua patachimbika.

Wa mbugani niliagizwa mimi, wa mlimani mjomba. Fuvu lake la kwanza alilileta limepasuliwa kwa jiwe, ubongo umeshanyonywa. Daktari alijishika kichwa, akapiga kelele kwa lugha yao. Mwishowe wakapatana: mjomba ale nyama, asivunje mfupa. Mzee akawa anachokonoa fuvu kwa kijiti tangu alasiri hadi magharibi, akinung'unika kwamba sasa serikali imemwingia mpaka mdomoni.

Siku moja daktari akayapanga mafuvu barazani, akatuita. Wa mbugani, alisema, ana macho makubwa na uso ulioinama, kwa sababu anakimbia peupe na lazima aone mbele. Wa mlimani anajificha vichakani na kutafuna vigumu, ndiyo maana ana uso mfupi na taya nene.

"Ni sungura yuleyule," akasema. "Mahali anapokaa ndipo panapomchonga."

Mjomba alishika fuvu la mbugani, akalitazama, akanitazama mimi, akalitazama tena.

"Umeona?" akaniambia. "Hata Mjerumani kathibitisha. Nyie wa mbugani vichwa vyenu vya kukimbia. Nikuoze mpwa wangu, kesho umkimbie?"

Nilipanda naye mlima nikimbembeleza njia nzima. Roho iliniuma kweli. Ndoa yangu ilikuwa inazikwa kwa mifupa ya sungura. Kufika kwake, akairudia hoja ile kwa sauti, ili jikoni wasikie. Jikoni wakasikia.

"Shikamoo, mjomba," binti akaita kutoka ndani.

"Marahaba."

"Huyo sungura wa mbugani akihamia huku, wajukuu zake watakuwa na vichwa gani?"

Mjomba akajibu shingo upande. "Kwa maneno ya daktari, vya huku."

"Basi ahamie."

Nikahamia. Nililima maharage kwenye mteremko ambao ukijikwaa unaangukia shamba la jirani. Kila asubuhi nilimwamkia mjomba. Aliitikia "marahaba", akanikagua kichwa, akasema, "Bado."

Baada ya mavuno tulinasa sungura. Binti akampika, mjomba akatengewa kichwa chake. Alikitazama, akanitazama, kisha akakisukuma upande wangu.

"Kula," akasema. "Lakini usivunje mfupa. Huenda Mjerumani akakitaka."

Nilikichokonoa kwa kijiti huku machozi yananitoka. Hakikuwa na nyama ya kujaza jino, na sijapata kula kitu kitamu kama kile.