Ishara ya Kukataa

Kila Jumamosi mchana nilikuwa ninafundisha vijana katika kanisa letu pale Burungu. Watu wa afya walikuwa wamenisomesha siku chache, wakanipa kitabu cha michoro na boksi la kondomu. Tuliongea juu ya hedhi, mimba, magonjwa, na namna msichana anavyoweza kukataa. Nikitaja kondomu, wavulana walicheka, wasichana wakatazama chini, nami niliendelea.

Msichana mmoja kiziwi hakukosa hata siku moja. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na hajasikia tangu utotoni. Wenzake wakicheka, yeye alicheka pia, akichelewa kidogo, baada ya kuangalia nyuso zao. Sikujua nimfundisheje. Siku moja nilimkuta mama yake uani akipura maharagi, nikamuuliza.

"Mama, huyu dada naye anapashwa kuelewa haya mambo. Munaongeaka naye namna gani?"

"Tunamuonesha tu: kuja, kula, enda kuchota mayi," alijibu. "Ile mafundisho yako haimuhusu. Nani atamutaka?"

Nilipaswa kubisha. Badala yake nilipumua, maana alikuwa ameniondolea kazi iliyonishinda.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mama yule aliingia kwangu na binti yake nyuma, akaketi bila kusalimia.

"Iko na mimba," alisema. "Tuende wote kwa muganga, pale kituo cha afya. Peke yangu naogopa."

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimuuliza mama kila kitu: mwezi wa mwisho aliuona lini, bwana yake ni nani. Mama alijibu tu kwamba hajui. Binti alikuwa ameketi katikati yao, akifuata midomo, huu halafu ule. Mama alieleza kwamba kwa wiki nyingi alimkuta amejifunga kitambaa tumboni kwa nguvu. Hapo nikaelewa: msichana yule alidhani tumbo linavimba kwa ugonjwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nilichukua biki, nikachora nyuma ya fishi yake, ile kadi ya matibabu, mwanamke mwenye tumbo kubwa na mtoto ndani. Aliangalia muda mrefu. Akaweka kidole juu ya mtoto, kisha juu ya tumbo lake, akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Hakulia. Aliniomba biki kwa mkono, akachora mwanaume kando ya yule mwanamke. Halafu akaiweka chini, akaanza kusukuma hewa kwa viganja vyote viwili, uso ameugeuzia pembeni.

Muuguzi aliacha kuandika.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

"Anasema alikataa, Mama," nilijibu.

Mama alijifunika mdomo kwa kitenge. "Na mimi nilimupiga," alisema. "Nilimupiga juu ya hii mimba."

Tulipotoka, binti alimshika mama yake mkono, akatuongoza mpaka mbele ya mlango wa jirani aliyekuwa akiwasaidia kuvuna. Alisimama pale akionyesha kwa kidole. Kesho yake jirani huyo hakuwepo tena. Watu walisema ameenda Omate kuchimba dhahabu. Wakubwa wa familia zote mbili walitaka mambo yamalizwe kwa mbuzi. Mama alikataa, akapeleka malalamiko polisi. Mpaka leo hakuna aliyekamatwa.

Wakati wa kuzaa nilikuwa kando yake, nikimwonyesha kwa mikono lini asukume na lini apumzike. Alizaa mtoto wa kike, mzima. Tangu hapo ninafundisha kwa michoro na ishara, nyingi ni za kwake. Viziwi wengine wawili, waliokuwa wamefichwa nyumbani, sasa wanakuja. Yeye hunisahihisha mikono nikikosea. Wazazi fulani wameondoa watoto wao, wanasema ninawafungua macho kabla ya wakati. Kumwomba binti yule msamaha kwa kumwacha bila kumfundisha sijapata ujasiri.

Mwezi uliopita mtu aliyetoka Omate alitueleza amemwona yule mwanaume kwenye mashimo, na kwamba anafikiria kurudi. Tulikuwa jikoni kwa mama. Binti, mtoto mgongoni, aliona sura zetu zimebadilika, akauliza kwa mikono tunaongea juu ya nani.

"Usimuambie," mama alisema. "Hatalala."

Niligeuka, nikahakikisha ananiona vizuri, nikamwambia.