Mwenye Maji Hakuhama

Utoto wangu mimi niliubeba kichwani, ndani ya ndoo. Kwetu Kitangari maji yako bondeni, na kile kilima kilishinda watu wazima. Mimi nilikipanda na ndoo mbili, moja juu ya nyingine, tena napiga mluzi. Anayebisha aje.

Chemchemi yetu ilizungukwa na matete mpaka jua halioni maji. Bibi, mzaa mama, alisema humo anaishi mwenye maji, nyoka mkubwa. Sufuria lenye masizi marufuku, panga marufuku.

Ikaja enzi ya ruksa, kila mtu mfanyabiashara. Mjomba Saidi, mtoto wa Bibi, akafyeka matete yote, akalima kabichi mpaka ukingoni, auzie wachuuzi wa Newala.

Bibi akamkuta na jembe. "Saidi, unamvua mwenzio nguo. Akiona aibu atahama."

"Mama, haya magugu tu. Siku hizi ruksa."

"Yeye kakupa ruksa?"

Mjomba akacheka. Kabichi zikajaa, kubwa kuliko kichwa chake, na alikuwa na kichwa yule bwana! Halafu kiangazi kikakaza. Maji yakashuka, yakashuka, mpaka tukawa tunachota tope kwa kifuu. Chemchemi nyingine ilikuwa mbali, huko chini kabisa, na Bibi miguu ilishachoka. Mjomba akaamua Bibi apelekwe Lisekese kwa shangazi yake mama, kwenye kisima.

"Nikaombe maji kwa watu, mimi?" Bibi akasema. Akanigeukia. "Mume wangu, unaniacha niende?"

Mke wangu aondoke! Nililia mpaka ningeweza kujaza mtungi. Mama naye akalia. Mjomba akatuangalia. Asubuhi tukamkuta bondeni anang'oa kabichi zake mwenyewe, nyingine bado changa.

Bibi akashuka polepole na unga wa mtama, akaumwaga chini ya mti ulio kando ya chemchemi, akaongea na wahenga wake kwa Kimakonde. Kisha akatupa kazi. Udongo wa bustani ulikuwa umeporomoka ukajaa shimoni. Jembe akalikataa. "Mikono tu, msimchome."

Ndani kabisa, kwenye jicho la maji, hakuna mkono uliofika ila wangu. Nikachimbua tope, shavu liko chini. Mara kitu cha baridi kikanipita vidoleni, kinene kama paja.

"Bibi! Kanipita!"

"Kuelekea wapi?"

"Ndani!"

"Basi hajahama," akasema, akakaa chini kwa furaha, palepale kwenye tope. Maji yakaanza kutoka, mekundu kwanza, halafu meupe. Mjomba akarudisha matete, akayapanda na mizizi yake. Bibi akawa anamtania, "Mshone vizuri, fundi."

Siku hizi chemchemi ile naitunza mimi, na hata kwenye ukame mkali haijakauka. Wataalamu walikuja wakasema udongo ndio ulioziba, na matete yanashika udongo na kutunza kivuli. Sibishani nao, wamesema vizuri. Ila wao hawakutia mkono mle ndani.

Ninavyoona mimi, Bibi alitufundisha kuona haya mbele ya maji, kama unavyoona haya mbele ya mtu. Aliyanywa mpaka siku yake ya mwisho, akazikwa hapahapa kwao. Lisekese hakwenda hata kusalimia.