Sketi ya Kipaimara na Rangi Iliyogoma

Enzi zetu nguo haikutupwa kwa sababu imepauka. Ilirudishiwa rangi, ikavaliwa tena, na ikipauka mara ya pili ilirudishiwa tena. Nayasema haya nikiwa bado na kinyongo kidogo, Mungu anisamehe, maana wiki iliyopita mjukuu wangu Neema, anayeuza nguo kule Segese, alinijia hapa Masumbwe na gauni ndani ya mfuko wa plastiki, analiminya kama kitu alichokiokota njiani.

"Bibi, nimelitia rangi mara mbili haishiki. Rangi za siku hizi ni feki."

Nikamuuliza gauni lenyewe ni la kitambaa gani.

"La kitambaa cheusi, Bibi. Yaani lilikuwa jeusi."

Binti anauza nguo mwaka wa tatu huu. Nilishika rozari yangu nikasali fungu moja zima kabla ya kumjibu, na hata baada ya fungu hilo bado nilikuwa na la kusema. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Sisi tulijua kitambaa kabla ya kujua kusoma. Lakini nikiwa mkweli, nasi tulifundishwa kwa taabu, na aliyenisababishia taabu hiyo ni shangazi yangu Skola.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mimi niko darasa la sita. Mnaikumbuka miaka ile. Duka la kijiji lilikuwa na majembe na viberiti, siku nyingine viberiti peke yake. Sabuni ikiadimika tulifulia majani ya mpapai. Kilichonishangaza tangu utoto, na bado kinanishangaza, ni kwamba sisi tulikuwa wakulima wa pamba. Msimu wa kuvuna, vidole vyetu vilichanika kwa vikonyo vyake. Pamba ilijazwa katika chumba chetu cha kulala mpaka karibu na paa, nasi watoto tukalala juu yake, tukizama na kuwashwa, tukiamka na nyuzi nyeupe kichwani kama vikongwe. Tulilala juu ya pamba, na hatukuwa na kitambaa cha kushonea sketi.

Baba alilichukulia jambo hili kibinafsi. Kila alipoona nguo, iwe ya mgeni au ya padre, aliishika pindo, akaisugua kwa kidole gumba na kusema, "Hii ni pamba," au, "Hii si pamba." Basi. Hakuongeza neno. Tulimwona kama mtu mwenye maradhi madogo yasiyo na dawa, na hakuna aliyemsikiliza.

Mwaka huo tulitangaziwa kanisani kwamba Askofu atakuja kutoa Kipaimara. Vijana wa leo wanapata Kipaimara huku wakipigwa picha za simu. Kwetu Askofu alikuja baada ya miaka, barabara ikiruhusu. Ukikosa siku hiyo, unasubiri mpaka hujui lini, na unaendelea kukaa benchi la mafundisho na watoto wanaokufika kiunoni. Nilikuwa nimejifunza katekisimu yote. Nilijua vipaji saba vya Roho Mtakatifu kwa kwenda mbele na kwa kurudi nyuma. Wenzangu waliponiita kucheza rede mimi nilikuwa chini ya ghala la mtama nikijiuliza maswali na kujijibu.

Kisha katekista wetu, Mwalimu Kasiano, akatangaza mavazi. Wasichana: blauzi nyeupe na sketi ya buluu iliyokoza, ile ya shule, kwa kuwa kila mmoja anayo. "Sketi iliyopauka nitairudisha nyumbani pamoja na mwenyewe," alisema. Alikuwa mtu mwema, Mwalimu Kasiano, lakini alipenda mstari ulionyooka kuliko kitu chochote duniani.

Sketi yangu ilikuwa imefuliwa mpaka ikawa rangi ya majivu. Upindo wake ulikuwa umeshushwa mara mbili kwa sababu ya urefu wangu, na pale pa kukalia Mama alikuwa ameshona kiraka cha mraba kutoka suruali kuukuu ya Baba. Kiraka nacho kilikuwa rangi ya majivu, kwa hiyo hakikuonekana. Kwa sketi ile nilikuwa sina nafasi.

Ndipo Shangazi Skola akafika kutoka kwake, amepanda juu ya lori la pamba. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, na alikuwa amekubali kuwa msimamizi wangu wa Kipaimara. Alikuja na viatu vya kufunga vyenye kisigino cha mti, sauti ya kuamsha mtaa, na gauni kubwa la kafaulaya. Ndivyo tulivyoziita nguo kuukuu za ng'ambo, tukiamini wenyewe walikwisha kufa huko Ulaya. Gauni lilikuwa rangi ya maziwa, linang'aa, halina hata mkunjo.

"Wifi, tutakata sketi hapa," alimwambia Mama. "Ya shule hiyo mfanyie tambara la kudekia."

Baba alilisogelea gauni, akashika pindo, akasugua. "Hii si pamba."

"Ndiyo maana inang'aa," alijibu Shangazi, na Baba akarudi kwenye kigoda chake.

Mama alikata na kushona kwa mkono siku mbili, kwa uzi wa pamba mweupe aliokuwa ameuficha sandukuni kwa miaka. Ilitoka sketi ya marinda, nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuvaa. Ilibaki rangi tu. Siku ya mnada tukaenda watatu kuitafuta.

Muuza rangi alikuwa na makopo mawili ya unga wa buluu. La kwanza lilikuwa na buluu inayowaka kama shingo ya mjusi kafiri. La pili lilikuwa na unga uliofifia, usiovutia.

"Hii inayowaka ni ya ukili, ya mikeka," alisema. "Hii nyingine ni ya nguo. Mkichanganya msinitafute."

"Buluu ni buluu," alisema Shangazi. "Chukua inayowaka."

"Wifi, nataka mtoto aende kwa Askofu, siyo mkeka."

"Basi chukua hiyo iliyopooza, ukijuta usinilaumu."

Mama alichukua ya nguo. Alifungiwa vijiko kadhaa katika kipande cha gazeti, akavitia kwenye kifundo cha kanga. Njia nzima Shangazi alinung'unika juu ya buluu iliyoachwa, na mimi nyuma yao nilimuunga mkono kimoyomoyo, maana ile nyingine ilikuwa inapendeza. Hapa namshukuru Mungu kwa mama aliyejua kukataa. Ya ukili ingeniachia mapaja ya buluu mbele ya altare kwa jasho la siku ile.

Ilikuwa Alhamisi tulipochemsha. Sufuria ya ugali haikuguswa, tulitumia debe. Mama alikoroga rangi pembeni kwanza kwa maji ya moto, akaichuja kwa kitambaa ili isiache madoa, kisha akaimimina. Ikaja zamu ya chumvi, ambayo huisaidia rangi kuingia.

"Ongeza," alisema Shangazi.

"Inatosha."

"Ongeza, wifi. Wewe una mkono wa kubana."

Akatia mwenyewe, konzi mbili. Ilikuwa chumvi yetu ya mwezi mzima. Tulikula mboga chapwa mpaka Askofu alipokuja na muda mrefu baada ya kuondoka kwake, na kila tulipokaa kula Shangazi ndiye aliyeulizia chumvi.

Tuligeuza sketi kwa mti muda wa kutosha kuiva maharage. Mama alipoiinua, ilikuwa buluu nzito, inatiririka. Shangazi alipiga kigelegele majirani wakachungulia. Kisha Mama akaitumbukiza katika maji safi ya kusuuzia, na rangi yote ikashuka. Sketi ikarudi kuwa rangi ya maziwa, imeingia ubuluu kidogo tu kama maziwa yaliyotiwa maji. Lakini nyuzi zilikuwa zimeshika. Kila mshono wa Mama, kila palipopita sindano, ulikuwa buluu iliyokoza, mistari imepanda na kushuka kwenye kitambaa cheupe, na pale alipokosea ungeweza kuhesabu.

Nililia. Mama hakunituliza. Alisimama na ile sketi mkononi.

"Rangi mbovu," alisema Shangazi. "Nilisema tuchukue inayowaka."

Mama alichukua vipande vilivyobaki alipokata gauni, akavitupa motoni kwa hasira. Navyo havikuungua kama nguo. Vilijikunja, vikayeyuka, vikadondoka vimekuwa shanga nyeusi ngumu, na moshi wake ulituchoma pua. Mama alivitazama. Kisha akaingia ndani, akatoka na sketi yangu kuukuu, akachomoa uzi mmoja kwenye upindo na kuutia motoni. Uliwaka kama karatasi, ukaacha majivu laini.

Kutoka kwenye kigoda Baba alisema, "Hiyo ni pamba."

Nadhani hapo ndipo tulipomsikiliza kwa mara ya kwanza. Mama akatazama ndani ya debe. Ile nguo ya kung'aa ilikuwa imeikataa rangi, kwa hiyo rangi karibu yote ilikuwa bado mle. Akachochea moto, akatumbukiza sketi ya shule, akaigeuza kwa mti. Alipoisuuza, maji ya kwanza yalikuwa buluu, ya pili kidogo, ya tatu meupe. Sketi ilibaki imekoza kama siku iliyotoka kushonwa. Rangi ilikuwa nzima. Aliyekosea alikuwa aliyechagua kitambaa.

Tulilala na furaha. Ijumaa mchana ilipokauka, Mama aliianua, akaigeuza nyuma, akakaa chini.

Ile suruali ya Baba iliyotoa kiraka ilikuwa tetroni, si pamba. Kiraka hakikushika chochote. Zamani kilijificha kwa sababu sketi yote ilikuwa majivu. Sasa sketi ilikuwa imekoza, na pale pa kukalia palikuwa na mraba wa majivu unaoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kuupunguza upindo ili tupate kiraka kingine haikuwezekana, magoti yangu yalikuwa tayari nje. Nikamwambia Mama kwamba siendi, bora nisubiri miaka mingine.

"Utakwenda," alisema Shangazi Skola. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu jana yake ambalo halikuwa juu ya rangi wala chumvi. "Utatembea mbele. Mimi nitatembea nyuma. Usigeuke."

Jumapili Mwalimu Kasiano alitupanga nje ya kanisa akakagua mmoja mmoja. Wasichana wawili aliwaondoa mstarini, na mmoja wao nilimsikia akilia nyuma ya ukuta. Aliponifikia alitazama sketi kwa mbele, akaridhika, kisha akasema, "Geuka."

Sikugeuka. Nilihisi pumzi ya Shangazi kisogoni.

"Mwalimu," alisema, kwa heshima kabisa, "Askofu atampaka mafuta kwenye paji la uso. Huko nyuma anatafuta nini?"

Mstari mzima uliinama kuficha kicheko. Mwalimu Kasiano alikohoa akapita kwa aliyefuata.

Niliingia kanisani na Shangazi amenigandama kama kupe. Mimi nilikuwa pekupeku, yeye na vile viatu vya kisigino cha mti, na kila hatua alinikanyaga. Alinikanyaga mlangoni, akanikanyaga katikati ya kanisa, akanikanyaga mbele ya Askofu alipoweka mkono wake wa msimamizi begani kwangu. Wakati Askofu ananipaka Krisma machozi yalikuwa yananitoka, na watu walisema nimejazwa na Roho. Huenda nilijazwa. Lakini visigino navyo viliuma. Kurudi, wasimamizi wengine walitembea ubavuni mwa watoto wao kama walivyofundishwa. Wangu alibaki nyuma yangu mpaka benchini, na nilipokaa ndipo akatoa pumzi.

Hakuna aliyekiona kiraka. Nyumbani nilikuwa na malengelenge visigino vyote viwili, na Shangazi alimwambia Baba kwamba nilitembea polepole mno.

Basi wiki iliyopita nilimketisha Neema jikoni. Nikachomoa uzi kwenye gauni lake, nikautia kwenye mkaa. Ukajikunja ukawa shanga.

"Hili si pamba," nikamwambia. "Rangi uliyonunua ni ya pamba. Itie mara kumi, haitaingia. Tafuta iliyoandikwa ya poliesta, nayo inataka kuchemka sana."

"Usumbufu wote huo, Bibi? Nitanunua jingine." Na huku ananiambia hivyo, amevaa suruali ya jinzi iliyopaushwa kiwandani makusudi na kuchanwa magotini, ambayo wateja wake wachimbaji huko mgodini wanaigombania. Laiti Shangazi Skola angejua kwamba sketi yangu ya majivu ilikuwa mali.

Sasa nguo zimejaa kila kona, namshukuru Mungu, sitaki ile miaka irudi. Hakuna mtoto atakayetolewa mstarini kwa sababu ya kupauka. Nguo zangu za kanisani ni nzima mbele na nyuma. Shangazi alipozeeka hakuweza tena kuja kwetu, na siku aliyozikwa mvua ilikuwa imekata barabara, nikafika siku mbili baadaye.

Jumapili ninapokwenda kupokea Komunyo natembea taratibu, nina nafasi ya kutosha nyuma yangu, hakuna anayenisogelea. Visigino vyangu ni vizima kabisa. Wakati mwingine, kabla sijafika mbele, napunguza mwendo kidogo nikisubiri kukanyagwa.